Chuma Kilichovuka Jiwe

Dada yangu Ghati,

Shikamoo. Matanga yako yamekwisha, wanao wamerudi Tarime, na mimi nimebaki nikifagia ua wako. Barua hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu uongo niliokuambia niliusema mbele ya watu.

Unakumbuka njia ya chemchemi? Baba mbele na kondoo wake mweusi, wewe katikati na kibuyu cha maziwa, mimi nyuma nikikanyaga pale ulipokanyaga. Kabla ya kufika kwenye maji kulikuwa na jiwe pana, na hapo kila mtu aliacha chuma chake. Panga, jembe, kisu, hata bangili zako ulizivua ukazipanga moja moja. Vijana wa leo huniuliza kwa nini. Nawaeleza kwamba wazee wetu walisema chuma ni kitu cha kukata, na mtu haendi kuomba mvua akiwa ameshika kitu cha kukata. Hakuna fumbo zaidi ya hilo.

Kinachowashangaza zaidi ni kwamba Wakristo nao walilitii jiwe lile. Wao walibatiza katika maji yaleyale siku ya Jumapili, na baba alimimina maziwa yake mwezi ulipoandama. Mwalimu wa dini, Mzee Paulo, aliegemeza baiskeli yake kwenye jiwe na kuvua saa.

"Mzee, mizimu yako inaogopa hata saa?" alimtania baba.

"Haiogopi. Imechoka kusubiri mmalize kuimba."

Wakacheka wote wawili. Mimi mwenyewe nilibatizwa pale, wewe ukiwa umesimama kando umenishikia shati kavu. Hakuna aliyekuuliza uko upande gani.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijijini. Tuliacha miji yetu iliyotawanyika huku na huko, tukapangwa kwa mistari pamoja na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za jiwe. Mimi nilikuwa mwalimu mpya na ni mimi peke yangu niliyejua kuchora ramani, kwa hiyo nilipewa futi kamba na vipande vya nondo viwe vigingi. Herufi ya kila kiwanja niliipaka kwenye kigingi chake, uani kwako, kwa rangi nyekundu, wewe ukisonga ugali.

"Hii yenye miguu miwili kwa mbele ni ipi?"

"Hiyo ni K, dada. Ya kanisa."

"Na ya baba?"

"Baba hana herufi. Chemchemi si jengo."

Ukaendelea kusonga.

Nieleze kosa langu, maana lilikuwa kosa la mtu aliyesoma. Ramani ilitaka kila kiwanja kiwe na mwenyewe mmoja. Chemchemi haikuwa na mwenyewe, ilikuwa na zamu, na mimi sikujua zamu inachorwaje. Ningeweza kumuuliza baba. Ningeweza kumuuliza Mzee Paulo. Badala yake nilivuka jiwe na nyundo mkononi, nikakigongomea kigingi cha K kando ya maji, na kwenye karatasi nikaandika Kanisa. Niseme kweli: niliandika hivyo kwa sababu lilikuwa kanisa langu.

Kiangazi kilichofuata vijana wa kanisa wakaizungushia chemchemi ua wa miiba. Mzee Paulo aliwasihi wasubiri, wakamwambia karatasi imeshasema. Baba na wazee wenzake wakaja na kondoo kama kila mwaka.

"Mzee, rudi. Hapa ni petu, pameandikwa."

"Mura, kijana wangu, nani kaandika? Maji haya babu yangu aliyakuta."

"Basi babu yako aje atuonyeshe karatasi."

Asubuhi ile hakuna aliyeacha panga kwenye jiwe, wa upande huu wala wa ule. Mumeo, shemeji yangu Mwita, aliingia kati kumkinga baba, akakatwa yeye. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali Mugumu, nawe ukakipakata kichwa chake. Tulipofika nusu ya njia ulimwambia mwenye ng'ombe asiwachape tena, haraka imekwisha. Jioni watu wa upande wa baba wakaichoma nyumba ya Mzee Paulo, yule aliyewasihi vijana wasubiri. Akaondoka na watoto wake, hatukumwona tena.

Siku ya tatu ya msiba uliniita mbele ya waombolezaji. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Ile karatasi iliandikwa na nani?"

Nikajibu, "Ililetwa kutoka wilayani ikiwa imeshaandikwa."

Ukanisogezea sahani. Ukasema, "Haya. Kula, hujala tangu juzi."

Ulinilisha miaka yote iliyofuata, dada. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipita kwako, na sahani yangu ilikuwa imefunikwa. Nilidhani uliniamini.

Wiki iliyopita wanao waliniomba nitoe mtama uliobaki ghalani. Chini kabisa nilikuta kipande cha nondo kimefungwa kwenye kanga yako ya zamani. Rangi imebanduka sehemu nyingi, lakini miguu miwili ya mbele bado inaonekana. Ulikwenda ukaking'oa kwa mikono yako, sijui lini, ukakificha wasikione watu wakaniuliza. Kumbe siku ile ya msiba hukuniuliza ili ujue. Uliniuliza ili niseme.

Jana nilikipeleka chemchemini. Ua wa miiba ulishaoza, ng'ombe wanakunywa wanavyotaka, hakuna anayebatiza wala kumimina maziwa. Jiwe bado lipo. Nikaweka kigingi juu yake, nikavua saa yangu nikaiweka kando yake, nikashuka kwenye maji mikono mitupu. Nikasema kwa sauti, "Ni mimi niliyeandika."

Hakukuwa na mtu wa kunisikia. Ndiyo maana nimerudi nyumbani nikaliandika neno hilo hapa, lisomwe.

Pumzika, dada. Saa nimeichukua. Kigingi nimekiacha kwenye jiwe.

Mdogo wako,
yule uliyemshikia shati