Gari Chini ya Turubai

Jumanne, Oli, Arua. Umeme umekatika tangu jana jioni, vumbi la kiangazi limeingia mpaka kwenye mtungi wa maji, na moyo wangu haujatulia.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akinichekea, nakagua nyanya za chini. Fundi akisema kesho, namuuliza kesho ya lini. Sioni haya. Hapa Oli asiyeshuku huamka akakuta kamba ya nguo iko tupu.

Sasa huu ni msimu. Watu wa Kampala wanarudi kwao, watu wa Juba wanaingia kupitia Koboko, harusi kila Jumamosi, na wote hao watahitaji mahali pa kulaza ubavu. Nyumba aliyotuachia mama nimeipaka rangi, mapazia nimeshona mwenyewe, nikaitangaza mtandaoni kwa watu wanaotaka kukaa siku chache. Kaka yangu Amosi hataki. Yeye anataka tumkodishie mfanyabiashara mmoja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, aifanye stoo ya magunia. Tumekubaliana hivi: Krismasi ikinikuta na nyumba tupu, magunia yaingie. Yaingie mpaka kwenye chumba alichokuwa analala mama.

Na simu ikawa kimya.

Wenye nyumba za wageni kule Entebe hawana shida kama yetu. Mtu wa huku kwetu West Nile akirudi nyumbani hakodi kitanda. Kama ana shangazi kule Aroi au binamu kule Kuluva, atalala huko huko, hata kama ni mkekani, katikati ya watoto wanaopiga mateke. Ukilipia kitanda mjini na ukoo wako upo, umeuambia ukoo kwamba nyumba zao zinanuka. Watalisema jambo hilo mpaka kwenye matanga yako. Kwa hiyo mimi nabaki na wageni kabisa, wasio na mtu huku, na wageni wa aina hiyo wakati wa Krismasi ni wa kutafuta kwa tochi.

Ndiyo sababu alipofika mteja Ijumaa, mtu wa kwetu kwa sura na kwa matamshi, nilimshuku kabla hajazima injini.

Aliandika jina Dani. Alikuwa na mke, Silivia, mwembamba, amejifunga shuka kubwa mabegani kwenye joto lile. Dani akaingiza gari mpaka kando ya jiko, kisha akaniomba turubai alifunike. Jua, alisema. Nikampa lile ninaloanikia muhogo, huku nikijiuliza tangu lini gari la Kampala linaogopa jua.

Mapazia hawakuyafungua. Sokoni hawakwenda, ingawa soko ni hatua chache tu. Walituma boda awaletee mkate na maziwa, na bado vyombo vilirudi jikoni na chakula nusu.

Jumamosi nikiwa nafagia baraza, nilimsikia Dani akiongea na simu. Amekaa kwenye kiti changu, miguu kwenye saruji yangu, anasema kwa sauti ya huzuni kwamba bado wako Kampala, gari liko kwa fundi. Jumapili akasema wamefika Karuma, darajani, katikati ya safari, lakini gari limewasumbua tena. Karuma! Nilishika ufagio nikamtazama mgongo. Nimewahi kusikia watu wakidanganya walipo, lakini sijawahi kumsikia mtu akikwama Karuma huku anakunywa chai yangu.

Na bafuni, kila asubuhi, maji yanafunguliwa kwa nguvu, na chini ya sauti ya maji mwanamke analia.

Nilifikiria yote. Si mke wake. Ni mke wa mtu. Gari ni la wizi. Ni dhahabu ya Kongo, iko chini ya viti. Nilikaribia kwenda kwa mwenyekiti wa LC, mkubwa wa mtaa, kisha nikakumbuka kwamba mwenyekiti akija na askari, majirani wote wataona, na nani atalala tena kwenye nyumba ambayo polisi wamefika? Nikanyamaza. Kusema kweli sikunyamaza kwa wema. Nilinyamaza kwa sababu ya magunia ya Amosi.

Sasa naandika lile ambalo sikutaka kuliandika.

Nilisoma mahali fulani kwamba nyumba tupu haivutii mtu, kwamba wateja wanataka kuona nyumba yenye uhai. Jana mchana, wageni wamelala, nikatandika meza barazani, kitambaa cheupe, maua, birika. Nikarudi nyuma kupiga picha. Turubai likaonekana, chafu, na alama za muhogo. Likaharibu kila kitu. Chini yake kulikuwa na gari zuri, la kuonyesha kwamba hapa wanafikia watu wenye uwezo. Basi nikaenda polepole, nikalifunua mbele, nikapiga picha, nikalifunika tena. Namba ya gari niliifunika kwenye simu kwa kaua ka rangi ya waridi. Nikajisifu kwa busara hiyo. Nikaandika: Wageni wetu wa Krismasi wameshafika, wewe unangoja nini?

Kumbe juu ya kioo cha mbele kuna utepe umeandikwa kwa herufi kubwa: MAOMBI YA MAMA. Mimi sikuuona kwa kuwa nilikuwa natazama birika.

Mpaka jioni picha ilikuwa imetembea. Watu walipenda, wakaulizia nafasi, nikafurahi kama mtoto. Katikati yao mtu mmoja wa Koboko akaandika kwamba gari hilo analijua, lilimbeba kwenda msibani, ni la Taban. Akamtaja na shangazi wa huyo Taban ili naye aje aone.

Asubuhi ya leo Dani alinifuata jikoni na simu mkononi. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi. Aliketi kwenye kigoda akaniambia kwamba Taban ni yeye, ndilo jina lake la nyumbani, na kwao ni Koboko, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Mke wake alikuwa na mimba kubwa. Wiki chache zilizopita, Kampala, mtoto alizaliwa amekufa. Wamemzika huko. Nyumbani hawajaambiwa.

"Huko wananingojea na tumbo yake," alisema. "Wameshachinja. Silivia anasema akishuka kwa gari, wote wataangalia hapa." Akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe. "Amenipigia magoti, dada. Ananiomba siku chache tu, mahali mutu hamuulizi kitu, apate nguvu ya kwenda kusema mwenyewe. Mimi naongopea mama yangu kila siku juu ya hiyo."

Nimekuwa mwanamke miaka mingi na sikulifikiria hilo hata mara moja. Dhahabu niliifikiria.

Niliifuta picha mbele yake. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kuomba msamaha wakati geti lilipogongwa.

Nilitoka mwenyewe, nikafungua kwa upana wa bega langu, nikasimama katikati. Alikuwa mama wa makamo, amevaa gomesi ya kijani, vumbi la barabara ya Koboko limejaa kwenye nyusi. Boda alikuwa anamshushia kikapu. Juu ya kikapu kulikuwa na kishali cheupe cha mtoto mchanga, kimefumwa kwa mkono, kimefunika chakula.

"Habari ya hapa, mama," alisema. "Mimi iko anti ya Taban. Dada ya baba yake. Watu naniambia mutoto yetu iko nalala hapa kwa pesa."

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Mimi mwenyewe mama yangu alitoka Koboko. Shangazi wa mtu hafungiwi geti. Unamkaribisha, unampa maji, unamwitia mtoto wake. Kama ningemfukuza, angepiga kelele, na kelele yake ingefika kila ukoo kuanzia hapa mpaka mpakani: kuna nyumba Oli inayouzia watoto wa watu kitanda na kuwafukuza mama zao. Msimu wangu ungeishia pale pale getini.

"Karibu, mama, lakini hakuna mtu," nilisema. "Wageni wametoka."

Alinitazama, kisha akatazama juu ya bega langu. Turubai lilikuwa limechapwa na upepo, pua ya gari iko nje. Kwenye kamba kulikuwa na gauni la Silivia, lile la mimba, pana kiunoni, ambalo alilifua jana. Mama yule alilitazama gauni muda mrefu. Nami nilingoja aanze kunitukana.

"Iko nakula?" aliuliza polepole.

"Kidogo," nilisema.

Lilinitoka hivyo hivyo. Mimi, ninayekagua nyanya za chini, nilinaswa kwa neno la huruma.

Hakunicheka. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, akiangalia lile gauni: "Na ile tumbo?"

Nilijaribu kuyazuia machozi yasitoke na sikuweza. Basi alijua. Niliona anavyojua, uso wake uliporomoka wote kwa mara moja, akashika nguzo ya geti. Boda alitaka kumsaidia, akamkataza kwa mkono.

Nilidhani sasa ataingia. Ana haki ya kuingia, na mimi nisingeweza kumzuia, wala nisingethubutu. Badala yake aliinama kwenye kikapu. Alikitoa kile kishali cheupe, akakikung'uta vumbi, akakikunja mara mbili, tatu, mpaka kikawa kidogo, akakiingiza ndani ya mkanda wa gomesi yake ambapo hakionekani. Kisha akanisukumia kikapu.

"Hii enyasa bado iko moto, na kuku," alisema. "Pea ule mutu haiko ndani."

Akapanda boda. Hakugeuka nyuma.

Nilibeba kikapu mpaka mlango wa chumba. Silivia alifungua kabla sijabisha, nadhani alikuwa nyuma ya pazia muda wote. Alitazama enyasa, ugali mweusi wa mtama na muhogo, kama wanavyoipika kwao. Akaniuliza kama anti amejua.

Leo nilikuwa nimeshadanganya mara moja na ilinishinda. Nikamwambia, amejua.

Akauliza kama alileta kitu kingine. Nikasema alileta, na amerudi nacho.

Aliketi kizingitini, akaanza kula kwa mkono, machozi yanaanguka, wala hakuyafungulia maji ya bafuni kuyaficha. Mume wake akaja akakaa upande mmoja, mimi nikakaa upande wa pili. Nilikuwa na maswali tele, kama kawaida yangu. Sikuuliza hata moja.

Jioni hii wamenifahamisha kwamba wataondoka asubuhi kwenda Koboko. Silivia anasema kama anti anajua, basi kuna mtu mmoja kule wa kushuka mikononi mwake. Wamelipia mpaka Krismasi ipite lakini hawatabaki, na wale walioulizia nafasi jana wamenyamaza tangu nilipoifuta picha. Kesho nyumba itakuwa tupu, Krismasi iko mlangoni, na Amosi atapiga simu kuuliza habari ya magunia.

Apige. Mimi nitakuwa barabarani na Silivia. Ameniomba nimsindikize.