Choo Kilichogeuzwa Baada ya Fundi Kuondoka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kariakoo. 17 Juni 2025.

Jina: Badriya Mbaruk Hamood
Umri: miaka 41
Dini: Muislamu
Kazi: muuza vitambaa
Makazi: Kariakoo, nyumba ya familia

Mimi niliyetajwa hapo juu naishi na kaka yangu Yasser. Hadi juzi tuliishi na mama yetu, Bi. Zuwena. Yasser ndiye aliyenileta hapa leo.

Wiki iliyopita tuliweka marumaru mpya bafuni juu ya zile za zamani, maana mama alikuwa anateleza. Sakafu ikapanda, bomba la choo likabaki chini. Mnamo tarehe 14 Juni, Jumamosi, alikuja fundi bomba Vitalis wa Buguruni. Aliunga kipande cha bomba, na ili kilingane ikabidi sinki la choo, lile la kukalia, lielekee dirishani badala ya ukutani. Akalifunga kwa bolti na nati. Nililisukuma kwa mkono, halikutikisika. Akaniambia, "Dada, muanze kulitumia kesho. Likisumbua nipigie, msiguse."

Mama alipokwenda kukagua alirudi hapohapo. Dirisha lile liko upande wa kibla, na sisi hatukai chooni tukaelekea kibla. Vitalis ni Mkristo wa kusini, asingejua, na hakuna aliyemwambia. Mama alisema, "Miaka sabini na sita sijafanya, sianzi leo." Akasema atakuwa anakwenda kwa jirani. Kwa magoti yale, na ngazi zile za kwa jirani.

Nilisema tumpigie fundi. Yasser akasema, "Kugeuza tu? Hiyo nayo ya kumtoa mtu Buguruni?" Baada ya magharibi akachukua spana, akafungua nati, akaligeuza. Niliona kwa sababu nilimshikia tochi ya simu. Matundu ya sinki yakawa hayakutani tena na bolti. Akazikata bolti, akapaka simenti nyeupe kuzunguka chini. Ilipendeza. Akamwita mama aje aone. Mama akamshika kichwa, akasema, "Mungu akuweke, mwanangu."

Jumapili tarehe 15, asubuhi, nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Nikasikia kishindo. Nilimkuta mama kalala ubavu, sinki limepinduka na kupasuka, paja limechanika, kichwa kimegonga ukuta. Damu ilikuwa inafuata mistari ya marumaru. Yasser alimbeba. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Niliporudi nyumbani maziwa yalikuwa yameungua, nikaisugua sufuria. Sijalia mpaka sasa. Sijui kwa nini.

Jioni Vitalis alisikia msiba akaja kutoa pole. Yasser alimkamata shati mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye kamuua mama yetu." Vijana wakamleta kituoni. Vitalis alikuwa ananiangalia mimi. Alisema, "Dada, si ulilisukuma mwenyewe?" Nilikuwa nimeshika sahani ya tende, nikaenda kuwapitishia wageni.

Jana tulimzika. Usiku wote Yasser hakulala. Leo njiani aliniambia neno moja tu: "Sema ulichokiona."

Niliona fundi akilifunga. Niliona kaka yangu akilifungua. Alifanya kwa kumpenda mama, na ninampenda yeye. Sina ndugu mwingine. Lakini Vitalis hakumuua mama yangu. Naomba aachiwe aende kwake.

Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo ilivyokuwa, sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: B. M. Hamood

Mimi WP Koplo Nice nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akasaini mbele yangu. Baada ya kusaini nilimwambia anaweza kwenda. Ameomba aendelee kukaa kidogo, kwa kuwa kaka yake anamsubiri nje kwenye benchi.