Kibuyu Kinapopoa

Hooyo,

Amani ikufikie, mama yangu, huko mchangani ulikolala. Ni mimi Sahra wako, yule kichwa ngumu. Siku hizi ni mimi ninayekalia kigoda chako sokoni Garissa, mbele ya vibuyu vya maziwa ya ngamia, na bado najiona kama nimekiiba.

Tangu utuache nimeharibu maziwa wee, mpaka paka wa soko wamenenepa! Kufukiza kibuyu moshi ili maziwa yasiharibike nilidhani ni mchezo. Si nilikuona maisha yangu yote? Vijiti vyenye makaa ndani, funika, tikisa, mwaga majivu, futa, tia maziwa. Nikafanya hivyo hivyo. Ikifika saa nne, maziwa yashaharibika. Nikabadilisha kuni, nikajaribu hata mti wa mathenge, yakawa machungu. Nikabadilisha vibuyu. Nikawasingizia wachungaji kwamba wananiletea maziwa ya jana, Mungu anisamehe.

Wateja wako wakahama mmoja mmoja. Ayeeyo Halima, yule bibi jirani asiyeona, alionja akatema. "Binti, haya si ya mama yako." Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Abti naye, ndugu yako, akaniambia nimwachie mwingine nafasi hii, nitafute kazi ya ofisi. Nilikataa, Hooyo. Nafasi hii ikienda, nitabaki na nini chako?

Juzi mchana, jua la kuchoma, usingizi ukanichukua mkekani. Ukaja ndotoni. Ulikaa na kibuyu mapajani, mdomo wake umefunikwa, ukikipapasa kama unabembeleza mtoto. Ukakaa, ukakaa. Ngamia walipita ndani ya nyumba taratibu, wala hawakugonga kitu, na wewe bado umekaa tu. Nikakwambia, Hooyo, si umalize twende? Ukacheka.

Niliamka nalia. Kumbe! Kila asubuhi nilikuacha umekaa hivyo nikikimbilia shule, nikidhani unapumzika. Kumbe ulikuwa unangoja kibuyu kipoe ndipo utie maziwa. Mimi miezi yote hii nayamimina kwenye joto, halafu nalaumu watu.

Leo nimengoja. Nimekaa mpaka miguu ikafa ganzi. Adhuhuri imefika maziwa yangali matamu, yana ule moshi wako, nami nimeogopa hata kufurahi. Nikampelekea Ayeeyo Halima kikombe. Alikunywa, akakimaliza. Kisha akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akauliza, "Amina, umerudi lini?"

Jina lako, Hooyo. Sikuweza kumsahihisha. Nilimjazia kikombe cha pili, machozi yakinitiririka, na yeye hayaoni.

Basi pumzika, mama yangu. Mungu akupanulie kaburi na akutilie nuru. Nakuahidi, wateja wako wote nitawarudisha, hata kama ni mmoja kwa mwaka.

Binti yako,
Sahra