Aliyeitikia Enanga ya Baba

Nyakatuntu, Karagwe,
21 Juni 1953.

Mpendwa mdogo wangu Elpidius,

Marahaba. Shikamoo yako ilinifikia kwa yule dereva wa lori wa Murongo. Hujambo huko Kampala? Mkeo Anatolia na watoto je, homa imewaacha? Au umekuwa Mganda hata kalamu umeisahau? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Jioni napika ndizi za watu wawili kwa mazoea, asubuhi nampa mbuzi zilizobaki.

Ugomvi wetu unaujua. Baba alipofariki mimi nilimwita padri, kaka yako Yustus akamleta mchungaji, wakakutana juu ya kaburi moja. Tangu siku ile Yustus hajavuka mpaka wa shamba lake na langu. Migomba yetu inagusana majani, sisi hata salamu hakuna. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini majirani zetu hawakwenda kulima, wakagombana pamoja nasi. Wakatoliki huteka maji asubuhi, Walutheri jioni, na kisima ni kimoja.

Basi mwezi uliopita upweke ulinizidi. Niliitazama enanga ya baba pale ukutani, nyuzi zake za mishipa ya ng'ombe zimejaa vumbi, nikamwita Mzee Byabato aje kuipiga. Nikakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu walikuja wengi, maana enanga haijasikika hapa siku nyingi. Wakatoliki wakakaa upande wa jikoni, Walutheri upande wa zizi, kila kundi na kibuyu chake. Mzee akaketi katikati, akaanza utenzi wa vita vya zamani.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichosahau, mtu mzima mimi! Desturi yetu waijua: mpigaji akifika kwenye sifa za mwenye nyumba aliyefariki, mwanawe wa kiume ndiye huitikia, si binti kama mimi, kisha wote wapokee. Asipoitikia mtu, mpigaji huilaza enanga kifudifudi, na nyumba hiyo huhesabiwa imezimika.

Mzee Byabato akataja sifa za baba. Kimya. Akarudia. Watu wakainamisha vichwa, mimi nikatamani ardhi inimeze. Mzee akaanza kuilaza enanga.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya emilamula, ile miti yetu ya mpaka. Ni Yustus. Yustus huyu aliyeokoka, anayesema enanga ni mambo ya kipagani! Aliitikia kwa sauti ya baba yenyewe, hata kile kikohozi kidogo cha mwisho. Elpidius, nililia bila haya. Watu wakapokea pande zote mbili, hukujua tena nani wa kanisa gani, na vibuyu vikapita mikono yoyote. Utenzi ulipokwisha, Yustus alikuwa bado kasimama upande wake.

Nikampelekea kahawa za kutafuna. Akachukua mbili, moja akanirudishia, kama baba alivyotufundisha ndugu tufanyiane. Nikamsihi aingie. Akatikisa kichwa.

"Dada, baba alituacha watatu," alisema. "Elpidius akija, nitavuka."

Sasa kila asubuhi ananisalimia kutoka kwake, na kisimani watu wameanza kukutana. Lakini jioni bado nakula peke yangu, na enanga imerudi ukutani.

Sikulaumu, kazi ni kazi. Ila Krismasi hii njoo, mdogo wangu. Emilamula sikuing'oa, ni mwiko. Nimefyeka tu nyasi kati ya miti miwili, upana wa mtu mmoja. Kila asubuhi napita kutazama, nakuta umande haujakanyagwa.

Msalimie sana Anatolia, umbusu na mwanao wa mwisho, Projest. Mama mkubwa Kokushubira anauliza kama bado unakula senene au Kampala imekukataza. Mungu, ambaye mimi na Yustus tunamwomba kila mtu kanisani kwake, akufungulie njia ya Murongo.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,
Adelgunda.