Maji Yalivyotufikia Bila Mama Mutua

Mwende, mjukuu wangu,

Niaje huko Eldoret? Huku Silanga tuko salama, na nyanya yako bado ananishinda kwa kelele.

Umeuliza kama ubongo wangu unakufa, kwa kuwa nilikuita jina la mama yako. Nani amekudanganya? Seli za ubongo hurushiana ujumbe kwa kemikali. Tukizeeka, baadhi ya kemikali hizo hupungua, na vipokezi vyake pia, basi ujumbe huchelewa, au hupita njia nyingine.

Nikiwa kijana, maji yakifika bombani tulipaziana sauti mlango kwa mlango. Siku moja Mama Mutua, jirani wa katikati, alikuwa amesafiri kwenda Machakos, sauti ikakatikia kwake. Lakini wauza mboga waliisikia, wakaizungusha upande wao hadi kwetu. Tulichelewa, ila tulijaza mitungi yote.

Mjomba wako anataka niache kuhutubia wapangaji kwa sababu nasahau majina. Jumamosi mkutanoni nilikuwa nikimshambulia kwa maneno mwenye nyumba aliyetukatia maji, jina lake likanipotea.

"Mzee, kaa chini!" baadhi ya wapangaji wakacheka.

Nikangoja nimesimama. Jina likaja, nadhani kupitia kwa wauza mboga, nikalitaja kwa sauti. Waliocheka wakapiga makofi.

Babu yako, ambaye bado hajakaa chini.