Chini ya Wasifu wa Mama Penina

Jumatatu, 4 Agosti
Sijawahi kumwambia mtu yeyote: ninaandika hadithi. Kurasa sitini na moja sasa. Iko kwenye kompyuta ya sebuleni, ndani ya faili ya wasifu wa Mama Penina, jirani tuliyemzika mwaka juzi. Kurasa mbili za kwanza ni zake. Kuanzia wa tatu ni zangu.

Ni maficho mazuri. Baba ndiye huwaandikia watu wa kwetu hapa mtaa wa West Indies programu za mazishi, vile vijitabu vyenye ratiba, nyimbo na wasifu wa marehemu. Huchukua ile ya mwisho, anabadilisha majina, anaprinti. Za zamani hagusi.

Leo nimeandika nusu ukurasa kabla ya kupiga deki. Ule ujumbe umetokea tena kwenye skrini: mfumo huu ni wa zamani, kuanzia Oktoba hautalindwa. Nimeufunga.

Jumanne, 5 Agosti
Kaka yangu Otieno amerudi kutoka chuoni. Ameuona ujumbe hata kabla ya kunywa chai. Anataka tuweke mfumo mpya. Baba hataki, anaogopa printa itagoma.

"Hiyo printa imezika watu wengi kuliko kasisi," alisema. Mama alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Niko upande wa Baba. Si kwa sababu ya printa.

Jumatano, 6 Agosti
Mvua. Mtu wa kamati ya mazishi alileta flashi yenye picha ya marehemu. Baba akaichomeka bila kuuliza. Ilikuwa na virusi. Programu ya Ijumaa imeharibika, ameiandika upya kuanzia wimbo wa kwanza.

Sasa Baba amekubali. Jumamosi. Diski itafutwa yote, kwa hivyo watachagua faili za kuhifadhi. Flashi safi ni moja tu, ya Otieno. Huivaa shingoni pamoja na funguo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeunguza chapati mbili. Mama ameuliza kama ninaugua. Nimesema hapana.

Ningemwomba Otieno flashi. Angeuliza ya nini. Mimi ni mwoga. Basi.

Jumamosi, 9 Agosti
Otieno alikaa kwenye kompyuta akisoma majina ya faili. Baba, kutoka kwenye kochi, alijibu "weka" au "toa". Marehemu wakapita mmoja mmoja. Baba anawakumbuka wote. Huyu aliimba besi. Yule alipenda kubishana na refa.

"Mama Penina?"

"Huyo tulimzika vizuri. Toa."

"Weka," nikasema.

Wote wakanigeukia. Huwa siongei watu wakiwa kazini.

"Kuna kitu changu ndani."

Otieno akafungua. "Ai! Huyu mama ana kurasa sitini na tatu!"

Baba akavaa miwani, akasogea, akaanza kusoma ukurasa wa tatu. Sikuweza kumtazama. Nilihesabu maua kwenye kitambaa cha kochi. Kumi na nane. Nikahesabu tena.

"Akinyi," akasema mwishowe. "Huyu mzee wa Ainabkoi anayegombana na pampu ya maji. Ni mimi?"

"Kidogo, Baba."

Alicheka kwa sauti, akavua miwani akaifuta. Kisha akamwambia Otieno, "Itoe hiyo hadithi kwa marehemu. Ipe faili yake. Na Mama Penina pia umweke, amelinda vizuri."

Nina furaha. Nimeandika neno hilo mara moja, inatosha.

Jumapili, 10 Agosti
Tumetoka kanisani. Mfumo mpya unafanya kazi. Printa iligoma kama Baba alivyosema, Otieno akahangaika nayo hadi saa tisa, ikakubali. Ilibaki kuijaribu. Baba alikataa tuijaribu kwa jina la marehemu yeyote, si heshima. Akanitazama.

Nikaprinti ukurasa wangu wa kwanza. Ulitoka na mstari mweusi pembeni lakini unasomeka. Niliuacha mezani nikaenda kuosha vyombo.

Niliporudi, Mama alikuwa ameushika. Aliuliza wa pili uko wapi.

Nikajifuta mikono, nikauprinti.