Atelie Yetu na Wale Wanaotaka Kila Kitu

Murara, Goma
Jumapili, baada ya misa

Kwako Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Pokea salamu nyingi, wewe pamoja na Shemeji Paluku na watoto wote. Goti la Mama linaendelea namna gani? Anakunywa dawa, ao angali anazificha chini ya muto na kusema zimekwisha? Na wewe, ile mashini mupya ya kushona imezoea mukono wako? Mimi niko muzima. Nakula, nalala, nafundisha. Mulima umenyamaza, ziwa limenyamaza, watu tu ndio hawanyamazi.

Barua hii anakuletea Mama Furaha, muuza vitenge, yule anayezunguka Uganda ndipo aingie Kasindi, maana njia yetu ya zamani ya kuja kwenu Butembo unajua vile vita imeifunga. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu ujumbe wako wa simu ulikuwa mufupi na mukali: "Kahindo, nasikia umekataa kazi ya wazungu. Kichwa chako kiko sawa?" Kiko sawa, yaya. Weka makasi chini, nikueleze.

Bahati unamujua kwa jina: mwalimu mwenzangu hapa institut, mutoto wa Kalengera. Yeye na mimi ndio tulitengeneza ile kitu tunaita Atelie. Mutu anayeandika programu anahitaji mahali pa kuandika, mahali pa kuijaribisha, na kitu cha kumuonyesha makosa yake. Wewe mashini, makasi na pasi yako viko chumba kimoja. Sisi tuliwawekea wanafunzi vyote katika dirisha moja la ordinatere, hizi kompyuta. Na tuliiacha wazi: mutu yeyote duniani anaichukua bure, anasoma ndani vile tulivyoiandika, anabadilisha akitaka.

Tuliifanya kwa sababu ordinatere za wanafunzi wetu ni zile nzee ambazo Ulaya imezichoka. Vyombo vya matajiri haviwezi kufunguka bila koneksio ya intaneti, vinakula nguvu yote ya mashini, na umeme ukikatika kazi ya mutoto wa watu inapotea. Yetu inafunguka bila koneksio, inahifadhi kila mustari, na kosa inalieleza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili yetu. Hatukumuuliza mutu anataka nini. Tuliketi nyuma ya wanafunzi tukaangalia wanakwama wapi.

Kisha dunia ikatuona, na dunia ikaanza kutaka.

Yaya, wewe unalalamikia mabibi-arusi wa Butembo. Njoo uone waandishi wa programu. Mumoja alituandikia kwamba rangi nyeupe inamuumiza macho, anataka nyeusi. Tukamupa nyeusi. Akarudi: hiyo nyeusi si nyeusi ya kweli. Mwingine akataka tuondoe vibonyezo vyote kwa sababu yeye ni mutaalamu, hawezi kuonekana anabonyeza. Mwingine akataka Atelie imuandikie programu yenyewe, yeye anywe kahawa, kisha aitwe injinia. Wote, wote kabisa, wanataka iwe nyepesi, na kila mumoja anakuja na gunia lake la kuitwika. Mutu wa kampuni kubwa, anayelipwa vizuri kuliko mutaa wetu mzima, anatuandikia "haraka sana!" kana kwamba sisi ni watumishi wake na tumechelewesha chai. Ukimuomba aandike ukurasa mumoja tu wa maelezo ili kusaidia wengine, anapotea kama mugeni aliyesikia kuna vyombo vya kuosha.

Na usifikiri ni wageni tu. Kuna kijana wetu wa hapa, wa simu mbili na miwani ya jua ndani ya nyumba. Alitangaza mbele ya watu kwamba Atelie ni ya watoto wa shule. Yeye alikuwa anatumia chombo cha bei kali ambacho alikiiba. Siku kilipomufungia kazi yake yote ndani, alikuja kubisha kwangu, bila miwani. Nilimutolea kazi yake. Asante hakusema, alisema nilichelewa kufungua mulango.

Wakati ule waasi walipochukua muji, tulilala chini katika koridori na majirani, godoro likiwa limesimamishwa kwenye dirisha. Hapakuwa umeme, hapakuwa maji. Bahati alikuwa hajui wazazi wake wa Kalengera wako wapi. Koneksio iliporudi, nilifungua pale watu wanapotuandikia. Mumoja kaandika: "Kimya namna hii ni aibu. Kama hamuwezi, wapeni wengine." Mwingine: "Hii kitu imekufa, tafuteni nyingine." Na yule wa rangi nyeusi alikuwa bado yuko palepale na nyeusi yake.

Katikati yao, muzee mumoja wa inchi ya baridi, hata sura yake siijui, aliandika: "Nimesikia habari za muji wenu. Muko hai?" Nilimujibu: "Tuko." Kwa kweli alinikasirisha zaidi ya wote. Nilikuwa nimekwisha kuwadharau wote pamoja, na yeye akaniharibia hesabu.

Sasa nafika kwenye kazi yako ya wazungu. Kwanza hakuwa muzungu. Ni mutoto wa kwetu aliyekaa sana Ulaya, Musieur Gaston, aliyetumwa na shirika moja kuuliza "waandishi wa programu wa Goma wanataka nini katika chombo kilicho wazi". Alituita kwenye hoteli kando ya ziwa. Akagawa vikaratasi vya rangi, kila mutu aandike matakwa yake, abandike ukutani. Musichana mumoja, mwanafunzi wangu, aliandika: "Umeme ukikatika, kazi yangu isipotee." Musieur Gaston alikibandua kile kikaratasi, akakiweka pembeni.

"Hiyo ni shida ya umeme," alisema. "Haituhusu."

Vile vilivyosema chombo kiwe na akili ya kufikiri badala ya mutu, alivihamisha vyote katikati ya ukuta na kuvipiga picha. Nilimuona mwanafunzi wangu anaangalia kikaratasi chake pale pembeni. Tangu pale Musieur Gaston nilikuwa nimemaliza naye.

Wakati wa chakula alituita mimi na Bahati kwenye meza yake.

"Tunataka kuichukua Atelie, tuikuze," alisema. "Nyinyi wawili mutafanya kazi kwetu, na mushahara wa kweli."

"Itabaki wazi?" niliuliza.

"Wazi kabisa. Tutaongeza kitu kidogo tu. Itakuwa inatutumia kile watu wanaandika ndani, ili tujue wanataka nini."

"Itawaomba ruhusa?"

"Kuna ukurasa wa masharti. Kila mutu anabonyeza 'nakubali'."

"Hakuna anayeusoma ule ukurasa."

Alicheka, samaki angali kinywani. "Ndiyo maana hauleti shida."

"Musieur Gaston, wewe unalala wapi?"

"Gisenyi, ngambo ya mupaka. Kwa usalama, unaelewa."

"Naelewa. Wanafunzi wangu wanalala hapa. Hapa mutu anaweza kuulizwa nani aliandika hii, na aliandikia nani. Wewe jioni unavuka, maandishi yao yanabaki mukononi mwa mutu wasiyemujua. Hapana."

"Wewe ni mugumu, mama."

"Na wewe ni mwepesi. Ndiyo maana wamekutuma."

Tulipotoka inje, Bahati alinisimamisha kwenye ukuta wa mawe.

"Kahindo, mimi nakubali."

"Unakubali nini? Kusikiliza watu mulangoni?"

"Nakaa na muke na mutoto katika chumba cha shemeji, kule Lac Vert. Wazazi wangu nimewapata, wako kambini, wananingoja mimi. Dharau yako ni nzuri, mimi mwenyewe naipenda, lakini haiwezi kupikwa."

"Basi enda."

"Hata kunizuia kidogo?"

"Enda, Bahati. Samaki yako inapoa."

Alirudi ndani. Na kwa sababu Atelie iko wazi, hatukuwa na cha kugombania: walichukua nakala, wakaipa jina la kupendeza, wakaipaka rangi, wakaifunga kwenye koneksio. Bahati alipata biro, ofisi yake kabisa, kule Gisenyi, na kadi ya kuvaa shingoni. Walikuja hadi institut kuigawa pamoja na tishati. Wanafunzi wangu wengine waliichukua kwa sababu ya tishati. Zile mashini zao haziwezi hata kuifungua vizuri, lakini tishati wanavaa. Nao niliwadharau. Nilikuwa na ya kutosha kwa kila mutu.

Miezi ilipita bila sisi kusalimiana. Tulikutana kwenye mupaka, yeye anarudi, mimi naenda kununua karatasi za institut. Nilimutazama kadi yake tu, sura nikaiacha.

Wiki hii, yaya, Atelie yetu ilipokea marekebisho yenye jina lake. Hakuweka salamu. Aliandika tu kwamba tangu sasa chochote kitakachoongezwa ndani ya Atelie hakitaweza kutuma neno moja inje kabla ya kumuuliza mwenye ordinatere, kwa Kiswahili, na jibu likiwa hapana, ni hapana. Nilielewa pale pale. Alijua masikio yanafichwa wapi kwa sababu ndiye anayeyaweka kule biro kila siku.

Nilisoma kazi yake mustari kwa mustari nikitafuta kosa la kumurudishia. Nilitamani kosa vile mutu anatamani chumvi. Sikulipata. Ilikuwa safi, kama kazi zake zote. Lakini niliona kitu kingine: aliandika jina lake lote, mahali ambapo wakubwa wake wanasoma kama mimi. Nikamupigia simu.

"Umeandika jina lako lote," nilimuambia.

"Nimeandika."

"Watakuona."

"Wamekwisha kuona. Kesho wameniita."

"Na mutoto?"

Nilisikia pikipiki zinapita kwake.

"Kahindo, usinidharau leo," alisema. "Leo tu."

Nilifungua Atelie, nikapokea kazi yake simu ikiwa ingali sikioni, nikamuambia: "Imeingia." Akasema: "Sawa." Tukakata.

Hiyo ndiyo habari yote. Kile walichomuambia sijakijua bado. Kazi ile nilikataa, yaya, na wakirudi nitakataa tena, lakini usimuambie mutu huko kwamba Bahati aliuza roho, hata kama ni mimi niliyekuambia mwanzo. Umusemee vizuri.

Nisalimie Mama, umuambie dawa si pipi za kuweka akiba. Nisalimie Shemeji na magunia yake ya kahawa, mama mudogo anayeuza unga wa mihogo, katekista jirani yenu na kikohozi chake, na wale watoto wako wawili ambao hawaniandikii. Ukiwa bado na hasira, mupe Mama Furaha akirudi. Yeye hubeba mizigo mizito kuliko hiyo.

Mimi mudogo wako nisiyebadilika,

Kahindo